Baki Liende Wapi? Mhadhara kuhusu Kugawanya ndani ya Kompyuta



Naomba nianze na mstari mmoja wa programu. Tuseme shule imeomba kutengenezewa programu ya kugeuza alama za mtihani kuwa asilimia, na mtihani wenyewe una alama 60. Mwanafunzi anayeanza kujifunza lugha ya C, au Java, anaandika hivi:

asilimia = alama / 60 * 100;

Kihesabu mstari huu hauna dosari. Mtoto wa shule ya msingi akiuandika ubaoni atapewa vema. Sasa tuingize alama za Asha, aliyepata 45. Sote tunajua jibu ni 75. Kompyuta inatoa 0. Juma aliyepata 46 naye anapewa 0, na aliyepata 59 vilevile. Ni yule tu aliyepata 60 kwa 60 ndiye anayeandikiwa 100. Darasa zima limegawanyika kuwa wenye sifuri na wenye mia, wa katikati hakuna, na kompyuta haikulalamika hata kidogo. Haikutoa onyo wala haikusimama. Ukiiamuru ichape ripoti za wazazi, itazichapa.

Darasa hilo lina bahati, kwa kuwa sifuri nyingi kiasi hicho zitamshtua mwalimu wa taaluma kabla ripoti hazijatoka ofisini. Ninaloliogopa zaidi ni kosa la ukoo huohuo lisiloshtua mtu. Badilisha mpangilio, uandike alama * 100 / 60, na Asha atapata 75 yake sawasawa. Mwandishi anafurahi, anafunga kazi. Lakini Juma sasa anapata 76, ilhali hesabu yake ni 76.67, ambayo kwa kukadiria kwa kawaida ni 77. Hakuna atakayeona. Theluthi mbili za pointi ya asilimia zimeondoka, na kipande cha namna hiyo kimeondoka kwa kila mwanafunzi ambaye alama zake hazikugawanyika vizuri, kila mara kwenda chini, kamwe si kwenda juu.

Ili tuelewe kilichotokea, turudi nyuma hadi shule ya msingi, maana jambo lenyewe tulifundishwa huko. Maembe 7 kwa watoto 2: kila mmoja matatu, baki 1. Kitambaa cha mita 7 kwa mafundi 2: kila mmoja mita 3.5. Mtoto anayafahamu yote mawili na hachanganyi, kwa sababu anaona mbele yake kama ni embe au ni kitambaa. Hesabu ya kwanza inauliza kitu kinaingia mara ngapi na kinabaki kiasi gani. Ya pili inauliza uwiano. Ni maswali mawili tofauti, kila moja lina jibu lake sahihi, na kompyuta inayajua yote mawili barabara. Tatizo ni kwamba lugha nyingi za programu zimeyapa maswali hayo alama moja, yaani mkwaju (/), halafu zikajiwekea kanuni ya kuchagua swali bila kumuuliza mwandishi. Kanuni hiyo inaangalia aina ya namba zilizosimama pande mbili za mkwaju. Zote zikiwa namba kamili, jibu ni la maembe, na baki linatupwa. Hata moja tu ikiwa na nukta ya desimali, jibu ni la kitambaa.

Kwa hiyo 45 gawanya kwa 60 ilikuwa hesabu ya maembe: 60 haiingii katika 45 hata mara moja, jibu 0, baki 45. Baki likatupwa, na sifuri mara mia ni sifuri. Kompyuta haikukosea. Ilijibu swali ambalo mwandishi hakujua kuwa ameuliza.

Hapa niseme kwa haki kwamba kuna wakati mashine yenyewe hukosea kweli. Mwaka 1994 Thomas Nicely, profesa wa hisabati katika chuo cha Lynchburg huko Virginia, Marekani, aligundua kuwa chipu ya Pentium ya kampuni ya Intel inagawanya vibaya baadhi ya namba za desimali. Ukigawanya 4,195,835 kwa 3,145,727 jibu ni 1.33382; chipu ile ilitoa 1.33374. Ndani yake kulikuwa na jedwali la kusaidia kugawanya, na baadhi ya visanduku vya jedwali hilo havikujazwa. Intel ilitenga dola milioni 475 kubeba gharama za kubadilisha chipu hizo. Lakini kisa cha namna hiyo ni adimu. Asilimia za Asha na Juma zinaharibika kila siku, kwenye chipu nzima zisizo na kasoro.

Uamuzi wa kuwa na aina mbili za namba ni wa zamani, na ulikuwa na sababu ya maana. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa lugha ya FORTRAN, kazi ya John Backus na wenzake, kwa ajili ya mashine ya IBM 704. Jina lililoanza na mojawapo ya herufi kuanzia I hadi N lilibeba namba kamili. Mengine yakabeba namba zenye desimali. Hivyo I/J na A/B, ambavyo kwa macho ni kitendo kimoja, vilikuwa vitendo viwili. Namba kamili zilihitajika kwa kuhesabu mizunguko na kutaja nafasi katika orodha, kazi ambayo nusu na robo hazina maana. Kwa kazi hiyo ni za haraka, na hazina makadirio: 7 ndani ya kompyuta ni 7 kamili. Namba za desimali zilihitajika kwa fizikia na uhandisi. Huhifadhiwa kwa namna nyingine kabisa, tarakimu upande mmoja na mahali pa nukta upande mwingine, ndiyo maana zikaitwa namba za nukta inayoelea. Vijana wanaoandika programu huziita floti, nami nitaziita hivyo.

Kutoka huko desturi ikaingia katika C, lugha aliyoiunda Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kutoka C ikarithiwa na C++, Java, C# na Go. Wenye toleo la pili, la mwaka 1988, la kitabu cha Brian Kernighan na Ritchie kilichofundisha C kwa dunia nzima, wafungue kurasa za mwanzo kabisa. Mmoja wa mifano ya kwanza ni jedwali la kugeuza joto la Fahrenheit kuwa Celsius. Kanuni ya shuleni inasema toa 32, kisha zidisha kwa 5/9. Waandishi hawakuiandika hivyo. Walizidisha kwa 5 kwanza, ndipo wakagawanya kwa 9, na wakaeleza sababu: 5/9 ikiwa ya namba kamili ni sifuri, na jedwali zima lingekuwa sifuri tupu. Hata baada ya tahadhari hiyo, mstari wa kwanza wa jedwali lao unaonyesha kuwa nyuzi 0 za Fahrenheit ni -17 za Celsius. Jibu la kweli ni -17.8, na la karibu zaidi ni -18. Hawakulificha hilo, walilisema, wakaiandika programu upya kwa floti. Nimelitaja kwa sababu linaonyesha kwamba mtego huu ulikuwa mlangoni kabisa, na wenye nyumba waliujua.

Kulikuwa na njia nyingine. Niklaus Wirth alipotoa Pascal mwaka 1970, aliyatenganisha maswali. Mkwaju ulimaanisha uwiano sikuzote, hata kwa namba kamili, na kwa hesabu ya baki akaweka neno lake, div. Anayesoma programu ya Pascal hahitaji kwenda kutafuta aina ya kila jina ili ajue ni kugawanya kupi, ameambiwa palepale. Katika jambo hili mimi nasimama upande wa Wirth bila kusita. Programu husomwa mara nyingi kuliko inavyoandikwa, na msomaji anayelazimika kukisia ndiye atakayekosea.

Sasa tuangalie sura ambayo kosa hili hupenda kuivaa kwa watu ambao tayari wameonywa. Mwanafunzi anataka wastani wa masomo matatu. Anajua habari ya desimali, kwa hiyo anaandika:

double wastani = jumla / idadi;

Neno double linaandaa nafasi ya namba ya desimali, naye anaamini amejikinga. Lakini kompyuta huanza kazi upande wa kulia wa alama ya usawa. Jumla ni 205, idadi ni 3, zote kamili. Jibu ni 68. Hapo ndipo 68 inapovalishwa desimali na kuwa 68.0. Ile theluthi moja iliyokuwa ndani ya 68.33 ilitupwa kabla ya vazi kufika. Wengine hurekebisha kwa kuandika (double)(jumla / idadi), na hali inabaki ileile, kwa kuwa mabano yameilazimisha kompyuta igawanye kwanza. Dawa ni kugeuza namba mojawapo kabla ya mkwaju kufanya kazi: jumla / (double) idadi. Tofauti ni ya mabano tu, na nimeona watu wazima wenye vyeti wakibishana juu yake kwa muda mrefu, kwa sababu ile 68.0 kwenye skrini ina nukta na inaonekana kama namba iliyohesabiwa kwa uangalifu.

Wanaofanya kazi na hifadhidata wasidhani hili ni la waandishi wa C peke yao. Katika programu za hifadhidata za PostgreSQL na SQLite, 45/60 ni 0. Katika MySQL, swali lilelile linatoa 0.75. Ofisi ikihamisha taarifa zake kutoka MySQL kwenda PostgreSQL, ripoti ya asilimia iliyofanya kazi vizuri kwa miaka inaweza kugeuka usiku mmoja, wala hakuna aliyegusa herufi yake hata moja.

Kisa cha lugha ya Python nitakikalia kidogo, kwa sababu ni mfano wa nadra wa jamii ya waandishi wa programu kukiri kwamba msingi wao ulikuwa na kasoro na kukubali gharama ya kuufukua. Python ya awali ilifuata desturi ya C. Tatizo likawa kubwa zaidi, kwa kuwa katika Python mwandishi hatangazi aina ya namba. Funksheni moja ya wastani ukiipa jumla 7 na idadi 2 ilitoa 3, ukiipa 7.0 na 2 ilitoa 3.5. Aliyeiandika hakuwa na namna ya kujua ataletewa ipi. Mwaka 2001 Moshe Zadka na Guido van Rossum, muumba wa lugha hiyo, waliandika pendekezo namba 238: mkwaju mmoja umaanishe uwiano daima, na mikwaju miwili, //, imaanishe kugawanya kwa kutupa baki. Mikwaju miwili ilianza kutumika katika toleo la 2.2 mwaka huohuo, lakini maana ya mkwaju mmoja haikubadilishwa kwa kila mtu hadi Python 3.0 ilipotoka Desemba 2008. Toleo la zamani likaacha kuhudumiwa Januari 1, 2020. Hesabuni wenyewe: karibu miaka 20 kubadilisha maana ya alama moja. Programu zilikuwa zimeshajengwa juu yake, na baadhi zilitegemea baki litupwe.

Baada ya hapo wapo waliosema dawa imepatikana: tutumie floti kila mahali, tusisikie tena habari ya baki. Dawa hiyo ina sumu yake. Floti huhifadhiwa kwa kizio cha pili, yaani tarakimu 0 na 1 peke yake. Theluthi moja kwa desimali ni 0.333 isiyokwisha, hilo tunalijua. Katika kizio cha pili sehemu moja ya kumi nayo haiishi. Inakwenda 0.000110011001100 na kuendelea milele, na kompyuta ina nafasi yenye kikomo, kwa hiyo lazima ikate mahali. Ndiyo sababu JavaScript, ambayo namba zake za kawaida zote ni floti, ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2 inatoa 0.30000000000000004.

Tofauti hiyo ni ndogo mno, na mtu anaweza kuuliza inamdhuru nani. Februari 25, 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Scud la Iraq liliangukia kambi ya wanajeshi wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua wanajeshi 28. Mtambo wa Patriot uliopaswa kulizuia haukufyatua. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilichunguza na kutoa taarifa yake mwaka uliofuata. Saa ya ndani ya mtambo ilihesabu wakati kwa namba kamili, kila hesabu moja ikiwa sehemu ya kumi ya sekunde. Ili kukadiria kombora litakuwa wapi, hesabu hiyo iligeuzwa kuwa sekunde kwa kuzidishwa na 0.1, na 0.1 hiyo ilikuwa imekatwa ili ienee katika biti 24, yaani tarakimu 24 za kizio cha pili. Kila sehemu ya kumi ilipungukiwa takriban sekunde 0.000000095. Mtambo ulikuwa umewaka kwa zaidi ya saa 100 mfululizo bila kuzimwa. Katika saa 100 mna sehemu za kumi 3,600,000. Zidisheni, mtapata theluthi moja ya sekunde. Kombora la Scud hupita zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde. Mtambo ukalitafuta zaidi ya nusu kilomita kutoka lilipokuwa, haukuona kitu, ukaamua anga ni shwari.

Kinachoniumiza katika taarifa ile ni tarehe. Wiki mbili kabla, Waisraeli, waliokuwa na mtambo kama huo, walikuwa wameshatoa taarifa kwamba mtambo ukiwashwa kwa saa 8 unaanza kupoteza shabaha. Programu iliyorekebishwa ilitolewa Februari 16. Vikosi viliambiwa kwamba kuwasha mtambo kwa muda mrefu sana kunaweza kuleta shida, ila hawakuambiwa muda mrefu ni saa ngapi. Programu mpya ilifika Dhahran Februari 26, siku moja baada ya vifo. Kuuzima mtambo na kuuwasha kungerudisha hesabu ya saa kwenye sifuri, na kazi hiyo huchukua dakika moja au zaidi kidogo.

Kisa cha pili hakikuua mtu. Januari 1982 soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha kipimo cha bei za hisa kikiwa 1000. Kila hisa ilipouzwa, kipimo kilihesabiwa upya na kubakizwa tarakimu tatu baada ya nukta; zilizozidi zilikatwa tu, hazikukadiriwa. Biashara ilikuwa nzuri, lakini kipimo kikawa kinashuka mwezi hadi mwezi, hadi Novemba 1983 kikawa karibu 524. Walipohesabu upya kwa kukadiria ipasavyo, kipimo kilikuwa karibu 1098. Nusu nzima ya soko ilikuwa imeliwa na vipande visivyofika sehemu moja ya elfu ya pointi, maelfu ya mara kwa siku, vyote vikienda upande mmoja. Ndiyo dhuluma ileile aliyofanyiwa Juma. Kukata hakukosei huku na huku ili makosa yafutane. Hukosea daima kuelekea mkono uleule.

Sasa nije kwenye mfano wa kwetu, ambao nawapa wanafunzi kila mwaka kwa sababu unagusa baki lenyewe. Tunataka programu ya simu inayosoma saa kwa Kiswahili. Simu inahesabu saa kuanzia 0 usiku wa manane hadi 23. Sisi tunaanza siku alfajiri. Saa 9 ya simu kwetu ni saa tatu asubuhi; toa 6, umepata. Saa 20 ya simu ni saa mbili usiku. Toa 6 upate 14, gawanya kwa 12, chukua baki, 2. Kanuni imepatikana: toa 6, gawanya kwa 12, soma baki. Mwanafunzi anaijaribu asubuhi, anaijaribu mchana, anaijaribu jioni baada ya chakula, inasoma sawasawa. Akiwa makini atagundua pia kwamba baki likiwa 0 lazima lisomwe saa kumi na mbili, naye atalitengeneza hilo.

Halafu mtumiaji anaamka saa tisa usiku kula daku, anatazama simu, anakuta imeandikwa saa -3. Ni kweli: simu inasema 3, ukitoa 6 unapata -3. Katika C, Java na JavaScript, baki la -3 kwa 12 ni -3, kwa kuwa lugha hizo zikitafuta baki la namba hasi hukata kuelekea sifuri. Katika Python baki hilo ni 9, saa tisa kamili kama tunavyotaka, kwa kuwa Python hushuka daima kuelekea chini. Kwa jambo hilohilo -7 gawanya kwa 2 ni -3 katika C na -4 kwa mikwaju miwili ya Python. Kila upande una hoja yake ya kihisabati. Hata C yenyewe iliwaachia watengenezaji wa kompaila, yaani programu za kutafsiri C kuwa lugha ya mashine, wachague, hadi kiwango cha lugha hiyo cha mwaka 1999 kilipowafunga. Kosa hili huishi kuanzia saa sita usiku hadi karibu na saa kumi na mbili alfajiri, muda ambao wanaojaribu programu wamelala.

Dawa yake ni kutoruhusu namba hasi ifike kwenye mkwaju. Kwenye duara la saa 12, kutoa 6 na kujumlisha 6 ni kitu kimoja. Jumlisha 5, chukua baki la 12, kisha ongeza 1: kanuni hiyo inasoma saa zote, na saa kumi na mbili inajileta yenyewe bila kuwekewa sharti la pembeni.

Nije kwenye fedha, maana wengi wenu mtaajiriwa kuandika programu za fedha. Shilingi zisihifadhiwe kwa floti. Zihesabiwe kwa senti, kwa namba kamili, na baki lipewe mwenyewe. Gawanyeni shilingi 1,000 kwa watu watatu. Kwa floti kila mmoja atapata 333.33, na ukijumlisha unapata 999.99, senti moja haijulikani ilipo, na mkaguzi atakuja kuiuliza. Kwa namba kamili ni senti 100,000 gawanya kwa 3: 33,333, baki 1. Baki hilo liko mbele yako na lina thamani, kwa hiyo unalazimika kuamua: mtu wa kwanza anapata 33,334, au linaingia katika akaunti ya tofauti ndogondogo, au vyovyote mkataba unavyosema. Naamini hapa ndipo kiini cha somo la leo kilipo. Baki ni mali ya mtu. Programu inayolitupa kimyakimya imemnyang'anya mtu bila kumtaja.

Hata hivyo namba kamili nazo zina ukuta. Kodi ya ongezeko la thamani nchini Kenya ni asilimia 16, na kuitoa ndani ya bei ambayo tayari ina kodi unazidisha bei kwa 16 na kugawanya kwa 116. Ukianza na 16/116 unapata sifuri, na serikali haipati kitu. Kwa hiyo unazidisha kwanza, kama walivyofanya Kernighan na Ritchie. Lakini namba kamili ya biti 32 haivuki 2,147,483,647. Bei ikiwa kwa senti, ukiizidisha kwa 16 unagonga ukuta huo bei inapozidi shilingi 1,342,177. Mauzo ya dukani yatapita salama miaka mingi. Siku ya kuuza gari, hesabu ya kodi inaweza kutoka hasi. Tumieni biti 64.

Jambo la sifuri nitaligusa kwa haraka. Ukigawanya namba kamili kwa sifuri katika Java, programu inasimama na kupiga kelele, na hilo ni jema. Ukigawanya 0.0 kwa 0.0, haisimami. Inatoa thamani ya pekee iitwayo NaN, isiyo namba, kwa mujibu wa kiwango cha hesabu za floti cha mwaka 1985 ambacho William Kahan alikiongoza kwa kiasi kikubwa. NaN si kubwa kuliko 50, si ndogo kuliko 50, wala si sawa na 50. Si sawa hata na yenyewe. Mwanafunzi asiye na mtihani hata mmoja atapata wastani wa NaN, na programu inayouliza kama wastani wake uko chini ya 50 itajibu hapana, ndipo imwandike miongoni mwa waliofaulu.

Kwa nini makosa haya yanaishi muda mrefu kiasi hiki? Nimelifikiri sana, na jibu langu ni kwamba tunajaribu programu kwa namba zilizo rahisi kwetu kichwani. Tunagawanya 100 kwa 50, 1,000 kwa 10. Namba hizo hazina baki, kwa hiyo kugawanya kwa maembe na kwa kitambaa kunatoa jibu moja, na jaribio haliwezi kutenganisha hesabu hizo mbili hata likirudiwa mara elfu. Chukueni 7 na 2. Chukueni -7 na 2, ambapo C na Java zitasema -3, mikwaju miwili ya Python itasema -4, na JavaScript itasema -3.5; kabla ya kubonyeza, andikeni kwa kalamu ni lipi kati ya hayo matatu kazi yenu inalitaka. Chukueni namba ndogo juu ya kubwa, kama 45 na 60. Wekeni sifuri chini. Na pale ambapo thamani zote zinazowezekana ni chache, msichague, zijaribuni zote. Saa za simu ni 24 tu. Karatasi za zoezi ziko mezani karibu na mlango. Nataka jedwali lenye mistari 24, kuanzia 0 hadi 23, na kila mstari uwe umesomwa kwa sauti na mtu anayetumia saa ya Kiswahili nyumbani kwake.